Hela ni Zao, Ila Nani Awaambie?

Wasomaji wangu, nimepotea hapa wiki mbili nzima. Mnisamehe. Mhariri alinipa kazi ya kufuatilia bajeti ya halmashauri moja, na anayezijua halmashauri zetu anajua kwamba ukiingia huko hutoki haraka. Leo nimerudi, tena na stori ndefu ya ughaibuni. Kama una chai, imimine kabisa.

Yote yalianza na ujumbe wa sauti ulioingia kwenye simu yangu saa nane usiku. Kuna mzee mmoja wa Kikongomani nilimfahamu siku nilipotumwa na gazeti kwenda kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Amekaa kambini miaka mingi mpaka Kiswahili chake kimekuwa nusu cha Kivu, nusu cha Kigoma. Mwishoni mwa 2022 yeye na familia yake walipelekwa Marekani, jimbo la Kentucky. Anafanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama ya kuku. Kwake ilikuwa jioni, anajiandaa kwenda kazini.

"Mwandishi," akasema, "hapa kanisani kuna mama mmoja mzungu ameweka meza. Anasema serikali iko na feza yangu, dola elfu kadhaa, na mimi sidaiwi kitu. Tena kwenye meza wameandika VITA kwa herufi kubwa. Mimi nimekimbia vita, bwana mdogo! Wewe ni mtu wa magazeti, niambie. Hawa si matapeli?"

Nilicheka, halafu nikaona hakuna cha kuchekesha. Mtu anakuambia serikali ina hela yako, njoo na vitambulisho vyako na namba ya akaunti ya benki. Sisi ambao kila wiki tunapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tungefanya nini? Nikamjibu: "Mzee wangu, usisaini kitu. Nipe siku mbili nisome." Siku mbili zikawa nane. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Kwanza nieleze kitu chenyewe. Jina lake kwenye sheria ni Earned Income Tax Credit. Mimi nitaiita nafuu ya wafanyakazi, maana ndivyo ilivyo. Kwetu kodi tunaijua kwa upande mmoja: mamlaka inachukua, wewe unatoa, mnaachana salama. Hii ya wenzetu inakwenda na kurudi. Mtu mwenye kipato kidogo cha kazi anajaza ritani yake mwanzoni mwa mwaka. Zinapigwa hesabu za kodi anayodaiwa, kisha inatolewa nafuu. Kama nafuu ni kubwa kuliko kodi, kinachobaki hakifutwi. Anaandikiwa hundi au kinaingia benki. Kwa mwaka wa kodi wa 2024, mwenye watoto watatu au zaidi aliweza kupata hadi dola 7,830. Asiye na mtoto mwisho wake ulikuwa dola 632, yaani bora liende. Katika mwaka 2023, watu na familia wapatao milioni 23 walipokea jumla ya dola bilioni 57 hivi.

Kuna sharti moja tu linaloleta kazi yote ninayotaka kuisimulia leo. Lazima uombe. Usipojaza ritani hupati hata senti, hata kama kila mtu serikalini anajua umefanya kazi na umelipwa kiasi gani. Mamlaka ya kodi ya kule, IRS, yenyewe inakadiria kwamba katika kila watu watano wenye haki, mmoja hapati.

Sasa turudi nyuma.

Mwaka 1955, mjini Kansas City, ndugu wawili, Henry na Richard Bloch, walikuwa na kaofisi ka kuandika vitabu vya hesabu za wafanyabiashara wadogo. Kujaza fomu za kodi za watu binafsi kulikuwa kunawachosha, na walikaribia kuacha kabisa. Wakati huo mwananchi aliyeshindwa na fomu zake alikuwa anakwenda kwenye ofisi ya IRS na kusaidiwa bure. Mwaka huo IRS ilianza kuiondoa huduma hiyo katika mji wao. Wale ndugu wakatoa tangazo katika gazeti la Kansas City Star, na watu wakafurika ofisini. Hapo ndipo ilipozaliwa kampuni ya H&R Block. Jina wakaliandika Block badala ya Bloch ili watu wasikosee kulitamka.

Naomba msomaji ukishike kisa hiki. Huduma ya bure ilipoondoka, biashara ikazaliwa pale pale mlangoni. Miaka zaidi ya 50 baadaye watu walikuwa bado wanagombana juu ya mlango huo huo.

Kisa cha pili hakihusu kodi kabisa, kinahusu akina mama. Mei 1966 jarida la The Nation lilichapisha makala ya wasomi wawili, Richard Cloward na Frances Fox Piven. Walisema kwamba kwa kila Mmarekani maskini anayepokea posho ya ustawi wa jamii, yuko angalau mwingine mmoja mwenye haki ile ile ambaye hapokei. Hajui, au anaona aibu, au karani alimfukuza dirishani. Wakapendekeza kampeni ya nchi nzima ya kuwatafuta watu hao na kuwafikisha dirishani wote kwa pamoja, hadi mfumo ulemewe na serikali ilazimike kutoa kipato cha uhakika kwa kila mtu.

Mwaka huo huo George Wiley, profesa wa kemia aliyeacha maabara, alianzisha harakati iliyokuwa National Welfare Rights Organization. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Johnnie Tillmon, mama wa watoto sita kutoka Watts, Los Angeles, aliyewahi kufanya kazi ya dobi. Wanachama wengi walikuwa wanawake weusi. Silaha yao ilikuwa kitabu cha kanuni. Walikuwa wanasoma kanuni za idara mstari kwa mstari, wanagundua kwamba mzazi ana haki ya posho ya nguo za shule au ya samani, kisha wanakwenda 30 au 50 kwa mpigo kuidai. Nilipokuwa chuoni tulisoma harakati za haki za Wamarekani weusi kwa kurasa nyingi, lakini hawa akina mama sikumbuki kama tulitajiwa hata mara moja.

Mwaka 1967 walikwenda hadi Baraza la Seneti na kukataa kuondoka kwenye chumba cha kamati ya fedha mpaka wasikilizwe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Russell Long wa Louisiana, mtoto wa yule Huey Long aliyetikisa siasa za jimbo hilo. Bwana Long alikasirika akawatolea maneno ya kuwafananisha na wanyama wa kuzalisha. Sitayarudia hapa. Shika jina lake tu.

Agosti 1969 Rais Nixon alitangaza mpango wa kuipa kila familia maskini yenye watoto kipato cha chini kabisa, dola 1,600 kwa mwaka kwa familia ya watu wanne. Ajabu, rais wa chama cha Republican ndiye aliyelisema hilo. Baraza la Wawakilishi likapitisha mwaka 1970. Akina mama wa Tillmon wakakataa. Walikuwa wanadai dola 5,500, na waliona masharti ya kulazimishwa kazi ni ya kudhalilisha. Wahafidhina nao wakakataa kwa sababu zilizo kinyume. Mswada ukafia Seneti, kwenye kamati ya nani? Ya Russell Long.

Kwa maoni yangu hapa kulipotea kitu kikubwa, na sijui nimlaumu nani zaidi. Mtu mwenye njaa anaweza kukataa mkate kwa sababu ni mdogo na anayempa anamtukana. Ninamwelewa. Lakini mkate haukurudi.

Long hakuwa mtu wa kukataa tu. Alikuwa na wazo lake. Mwaka 1972 alipendekeza kitu alichokiita bonasi ya kazi: asiyefanya kazi asipate, bali anayefanya kazi kwa mshahara mdogo arudishiwe asilimia 10. Hoja yake ilikuwa na mantiki. Kule hata mfagiaji anayelipwa kidogo kiasi cha kutodaiwa kodi ya mapato, mshahara wake unakatwa tangu dola ya kwanza kwa ajili ya hifadhi ya jamii. Kwa hiyo mumrudishie. Mwaka 1975 uchumi ukiwa umeyumba na watu wamekosa kazi, wazo hilo likaingizwa ndani ya sheria ya kupunguza kodi, na Rais Gerald Ford akaisaini Machi 29. Asilimia 10 ya dola 4,000 za mwanzo, kwa hiyo mwisho dola 400, kisha inapungua hadi kuisha kabisa mtu anapofika dola 8,000. Ni kwa wenye watoto tu, na ni ya muda.

Mwaka huo huo, 1975, shirika la akina mama likafunga milango likiwa limefilisika. Wiley alikuwa ameshakufa maji mwaka 1973.

Kitu cha muda kikawa cha kudumu mwaka 1978. Mwaka 1986, chini ya Reagan, kikaongezwa na kufungwa na kasi ya mfumuko wa bei. Mwaka 1990 kikaongezwa tena. Mwaka 1993, chini ya Clinton, kikapanuliwa kuliko wakati wowote, hadi asilimia 40 ya kipato cha mwanzo kwa mwenye watoto wawili au zaidi, na kwa mara ya kwanza wasio na watoto wakapata kidogo. Chama hiki na chama kile vilikuwa vinaipenda kwa sababu iliitwa kodi na siyo msaada. Wakati posho ya ustawi ikibanwa na sheria ya 1996, nafuu ya wafanyakazi ilikuwa inanenepa kimya kimya.

Ikinenepa hivyo, dirisha la kuipatia lilikuwa fomu ya kodi. Nimeipakua fomu ya kule pamoja na maelekezo yake nikajaribu kuijaza kana kwamba mimi ndiye mzee wangu wa Kentucky. Nina shahada, nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, na nilifika ukurasa wa nne nikaamka kutafuta maji ya kunywa. Mtoto anayestahili lazima apite mtihani wa undugu, wa umri na wa makazi. Mzazi lazima awe na namba ya hifadhi ya jamii inayoruhusu kazi, na mtoto pia. Kama mmetengana, mtoto alilala kwa nani usiku mwingi zaidi? Bibi na mama wakiishi nyumba moja, nani amwandike mjukuu? Hii ni sheria ya watu maskini, lakini imeandikwa kana kwamba kila maskini ana mwanasheria.

Hapo ndipo wanapoingia watu wa meza.

Ile VITA iliyomshtua mzee ni kifupi cha Volunteer Income Tax Assistance, mpango wa IRS ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mmoja wa wanaotajwa kuwa waasisi wake ni Gary Iskowitz, aliyewatoa wanafunzi wa uhasibu wa chuo kikuu cha Northridge, California, wakawasaidie watu wa mtaani kujaza fomu. Utaratibu haujabadilika sana. Wafanyakazi wa kujitolea wanafundishwa na kufanya mtihani wa IRS. Asipofaulu hagusi fomu ya mtu. Mezani kuna wa kupokea, wa kujaza na wa kukagua kabla ya kutuma. Meza zinawekwa maktaba, makanisani, kwenye vyuo na kumbi za vyama vya wafanyakazi, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Aprili. Hakuna malipo, wala ya chai.

Kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa ndogo na ya kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1980, taasisi moja ya Washington, Center on Budget and Policy Priorities, ilianza kampeni ya kuwatafuta wasiojua. Walichapisha mabango na vipeperushi, wakawatumia waajiri ili wavitie kwenye bahasha za mshahara, wakavipeleka kwenye shule za chekechea na zahanati. Ukiangalia vizuri ni mbinu ile ile ya akina mama wa Tillmon: tafuta mwenye haki, mwonyeshe kanuni, mfikishe dirishani. Tofauti ni kwamba safari hii serikali yenyewe ilikuwa inabeba vipeperushi.

Lakini kulikuwa na wengine waliofika kwa mwenye haki kabla yao. Mwaka 1986 IRS ilijaribu kupokea ritani kwa njia ya kompyuta katika miji mitatu, na mwaka 1990 ikafungua nchi nzima. Maendeleo, sivyo? Makampuni ya kujaza fomu yakaona mwanya. Mteja akija Januari, kwa nini asubiri wiki kadhaa? Benki impe mkopo leo, marejesho yakija benki ijilipe. Mkopo wa wiki mbili wenye ada na riba ambayo ukiihesabu kwa mwaka unashika kichwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mikopo hiyo ilikuwa zaidi ya milioni 12 kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya wakopaji walikuwa watu wa nafuu ya wafanyakazi. Fikiria kidogo. Serikali inatoa hela kwa mtu kwa sababu ni maskini, na sehemu ya hela hiyo inaishia kwa aliyempa mkopo wa hela yake mwenyewe.

Na wakopaji hawakuwa wajinga, niliseme hilo. Ukiwa na kodi ya nyumba ya miezi miwili na gari limekufa, dola 3,000 leo na dola 3,300 wiki mbili zijazo ni vitu viwili tofauti. Mimi mwenyewe nimekopa kwa jamaa wa mtaani kwa riba ambayo siitaji hapa maana mama yangu anasoma ukumbi huu.

Waliopigana na mikopo hiyo kwa kelele zaidi walikuwa ACORN. Shirika hili lilianzishwa mwaka 1970 huko Little Rock, Arkansas, na Wade Rathke, kijana aliyekuwa mhamasishaji wa shirika lile la Wiley na Tillmon. Kwa hiyo ukoo ni ule ule. Miaka ya 2000 ACORN walikuwa na meza zao za kujaza fomu bure katika miji mingi, na papo hapo wakiandamana mbele ya ofisi za makampuni ya kodi wakitaka ada zipunguzwe. Mkono mmoja unasaidia, mwingine unagonga mlango.

Mwaka 2009 yakaja mambo ambayo sisi waandishi tunapaswa kuyasoma mara mbili. Vijana wawili, James O'Keefe na Hannah Giles, waliingia katika ofisi kadhaa za ACORN wakiwa na kamera ya siri, wakijifanya wanataka ushauri kuhusu biashara ya ukahaba na kodi zake. Baadhi ya wafanyakazi wakaonekana wakiwasikiliza na kuwashauri. Video zikaruka nchi nzima. Ndani ya mwezi huo huo wa Septemba Congress ikapiga kura kuwakatia fedha, na IRS ikatangaza kuvunja ushirikiano wao katika kujaza fomu. Aprili 2010 ofisi ya mwanasheria mkuu wa California ilitoa ripoti kwamba video zilikuwa zimehaririwa vikali. Iliona mwenendo mbaya kwa baadhi ya wafanyakazi lakini haikukuta jinai ya kuwashtaki. Ripoti ilifika kwenye msiba. Shirika lilikuwa limekwisha.

Sisemi ACORN walikuwa malaika. Walikuwa na kashfa yao ya fedha ya ndani kabla ya kamera yoyote. Ninachosema ni kwamba Januari iliyofuata kuna watu walikwenda pale walipozoea kwenda na vitambulisho mkononi wakakuta kufuli.

Mikopo yenyewe ilikufa muda mfupi baadaye, tena si kwa maandamano. Mwaka 2010 IRS ilitangaza kwamba haitawapa tena makampuni taarifa ya kama marejesho ya mteja yatakatwa madeni, na wasimamizi wa benki wakabana. Benki kubwa ya mwisho iliyobaki ikaacha mwaka 2012. Ada zikabadili nguo na kuendelea kwa majina mengine, kama kawaida ya ada.

Sasa swali la mwandishi wa habari: hivi kweli kuwaambia watu kunasaidia? Nilidhani jibu ni rahisi, sivyo. Watafiti Saurabh Bhargava na Dayanand Manoli walichapisha mwaka 2015 matokeo ya barua zilizotumwa kwa watu 35,050 huko California, watu waliokuwa wameshajaza ritani na kukumbushwa lakini hawakudai nafuu yao. Barua yenye maneno machache, maandishi safi na kiasi cha hela kilichoandikwa waziwazi iliwafanya wengi zaidi wadai. Karatasi tu! Nikafurahi. Kisha nikasoma utafiti wa Elizabeth Linos na wenzake uliochapishwa mwaka 2022. Majaribio sita, jimbo hilo hilo, watu zaidi ya milioni moja ambao wengi wao hawakuwa wakijaza ritani. Walitumiwa barua na ujumbe wa simu wa kila aina. Matokeo? Hakuna kilichobadilika.

Wale wa kwanza walikuwa tayari ndani ya mfumo, wamebakiza saini. Wa pili walikuwa nje kabisa, na kwa mtu wa nje barua ya serikali inayosema una hela ni sawasawa na ule ujumbe wetu wa tuma kwenye namba hii. Mzee wangu hakuuliza kwa sababu ya bango. Aliuliza kwa sababu yule mama anakaa benchi la tatu kanisani kila Jumapili.

Halafu kuna hofu, na hofu hiyo haitoki hewani. Januari 2023 watafiti wakiongozwa na watu wa Stanford walionyesha kwamba walipa kodi weusi wa Marekani walikuwa wanakaguliwa na IRS kati ya mara 2.9 na 4.7 zaidi ya wengine, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitoka kwa wanaodai nafuu ya wafanyakazi. Kompyuta haikuambiwa rangi ya mtu. Iliambiwa itafute makosa yaliyo rahisi kukagua kwa barua, na hayo yako kwa maskini. Kabla ya hapo, mwaka 2019, ProPublica walikuwa wameonyesha kwamba wilaya iliyokaguliwa kwa kiwango cha juu kuliko zote nchini ni Humphreys, Mississippi, ambako wengi ni weusi na maskini. Si New York kwenye mabilionea. IRS baadaye ilikiri tatizo na kusema itapunguza ukaguzi wa aina hiyo.

Kuna waliojaribu kuondoa fomu yenyewe isiwe kikwazo. Nusu ya pili ya 2021, nafuu nyingine ya watoto ililipwa kila mwezi moja kwa moja kwenye akaunti, kwa familia nyingi bila kuomba chochote kipya. Mwaka huo umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachohesabu pia misaada na nafuu za kodi, ulishuka hadi asilimia 5.2. Congress ikaacha mpango ufe, na mwaka 2022 kipimo kikapanda hadi asilimia 12.4. Mwaka 2024 IRS ilianza mfumo wake wa bure wa kujaza ritani mtandaoni katika majimbo 12, mwaka 2025 yakawa 25. Msimu wa 2026 haukuwepo tena. Kansas City 1955, mlango ule ule.

Turudi kwa mzee. Nilimpigia Jumamosi, tukakaa hewani saa nzima. Mwaka 2023, mwaka wake wa kwanza mzima, alifanya kazi miezi michache tu, mengine akisoma Kiingereza na kuugua mgongo. Mfanyakazi mwenzake akamwambia mwenye kipato kidogo halazimiki kujaza. Ni kweli halazimiki. Lakini asipojaza hapati, na hicho mwenzake hakukisema. Mwaka uliofuata alikwenda kwenye ofisi moja ya barabarani, jina nalihifadhi, wakamjazia na kukata dola mia kadhaa juu kwa juu. Alidhani ni ada ya serikali.

Tukapitia watoto. Wanne wa kwake, sawa. Wa marehemu kaka yake anayeishi naye tangu kambini, sheria inamkubali kwenye kipengele cha undugu, mtoto wa kaka anahesabika. Kisha akamtaja wa sita.

"Huyu baba yake ni ndugu yangu kabisa."

"Mzee, ni ndugu wa tumbo moja?"

"Baba zetu ndio tumbo moja."

Nikanyamaza. Kwa Kiingereza huyo ni mtoto wa binamu, na katika orodha yao binamu hayumo. Ukimwandika kama mtoto wa kaka, kama ambavyo mzee angemwandika kwa moyo mweupe kabisa, hilo ndilo kosa linaloleta barua ya ukaguzi. Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Akasema, "Basi huyo kwa Wamarekani si mtu wangu." Nikamwambia ni wa kwako, ila si kwa ajili ya nafuu hii. Wale watoto wa dada yake walioko bado Nyarugusu, anaowatumia hela kila mwezi, hao sikuthubutu hata kuwagusa. Sharti ni mtoto awe ameishi naye Marekani zaidi ya nusu mwaka.

Nikamwambia aende kwa yule mama na kadi zote za hifadhi ya jamii, karatasi za mshahara kutoka kiwandani na namba ya benki, na amuulize pia kuhusu 2023, maana sheria inatoa miaka mitatu kudai marejesho ya nyuma. Nikamwambia jambo moja zaidi: akiulizwa malipo, hata dola moja, ainuke aondoke.

Juzi akanitumia picha. Si ya hundi, bado ni mapema, na kwa sheria ya 2015 marejesho yenye nafuu hii hayatolewi kabla ya katikati ya Februari. Ni picha ya meza yenyewe, na bango la VITA, na mwanawe mkubwa amekaa kiti cha pembeni akitafsiri. Chini ameandika: "Mwandishi, kijana wanamtaka mwaka kesho afanye mtihani wao. Wanasema watu wa Kiswahili ni wengi na hawana wa kuwaambia."